Mtaro wa Alhamisi

Mtanisamehe nikiandika kama mtu anayetembea, kwa sababu kukaa sijui. Wanafunzi wangu waliniita Pangaboi, ile feni ya darini. Nilipofundisha nilizunguka darasa zima, mara mbele, mara dirishani, mara mlangoni, na yule aliyejibanza kona ya nyuma akidhani amejificha alishtukia nimesimama kisogoni kwake. Jina hilo nililisikia kwa mara ya kwanza kupitia ukuta wa choo, nikaudhika sana, kisha nikakubali kwamba watoto hawakunionea. Sasa nimestaafu, nimejenga vyumba vyangu viwili Kigamboni, na kila asubuhi kengele ya shule ya jirani ikigongwa najikuta nimesimama na kikombe cha chai mkononi. Sina darasa la kwenda. Basi nachukua ufagio na kufagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Binti yangu huniambia, "Mama, kaa basi, unanitia kizunguzungu." Nakaa, na kabla hajamaliza kumenya kitunguu niko getini.

Nawaandikia nyie walimu vijana mliopangiwa shule za huku Temeke na kule Kinondoni, hasa mliopewa somo la jamii. Najua mlivyolipata. Mwalimu mkuu anagawa vipindi, Hisabati imechukuliwa, Kiingereza kimegombaniwa, halafu anauliza nani atachukua jamii, na chumba kizima kinakuwa na kikohozi. Hapo ndipo mlango unafunguka na mwalimu mgeni anaingia akihema, anapewa somo kabla hajapata kiti. Mimi ndiye niliyekuwa nahema. Nilikuwa nimetoka Njombe na cheti changu na koti la sufu, katika joto la Temeke, na nilikuwa nimepotea njia kati ya malori ya Kurasini.

Somo lenyewe limebadilishwa jina hadi nimeacha kushika. Mara jamii, mara uraia, mara maadili, mara yaunganishwe, mara yatenganishwe, na kila badiliko linakuja na kitabu chake na semina yake. Msihangaike sana na majina. Mtoto aliye mbele yenu ni yuleyule, amekunywa chai ya rangi, viatu vimembana, na anataka kujua kwa nini maji ya bomba yanatoka kwa jirani na kwao hayatoki. Mkimjibu hilo, mengine atayasoma mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza niliwaambia darasa la nne wachore makazi yao. Nikapita kati ya madawati, na kila daftari lilikuwa na nyumba ileile: paa la nyasi, ua moja kushoto, ua moja kulia, mlima kwa nyuma na ng'ombe wawili. Mlima, Temeke! Watoto ambao dirisha la kwao linatazama makontena walikuwa wamechora picha ya kwenye kitabu, kwa sababu walijua kwamba shuleni jibu huwa kwenye kitabu. Niliwarudishia madaftari nikawaambia wachore wanachokiona wakifungua mlango. Kijana mmoja akachora milango sita iliyotazamana kwenye ukumbi mrefu na ndoo mbele ya kila mlango, akaishia hapo. Nikamwuliza mtaa uko wapi. Akasema, "Mwalimu, karatasi imeisha, na sijafika nje." Ile ndiyo picha sahihi kuliko zote nilizopata mwaka ule.

Tena msiulize, "Mmeelewa?" Watoto sitini wataitika ndiyo kwa sauti ya kupasua bati, na hakuna aliyeelewa. Ulizeni, "Nani anionyeshe?" Hapo ndipo utaona macho yanavyokimbilia sakafuni. Siku moja niliuliza nani analinda usalama wa mtaa wetu, nikitegemea waseme polisi au mgambo au kamati. Mtoto wa mbele akasimama akasema, "Mbwa wa Mama Joyce." Darasa likaangua kicheko, mimi nikataka kukasirika, lakini nilipouliza zaidi nikakuta ni kweli, na kwamba mjumbe mwenyewe alikuwa akimpelekea yule mbwa mifupa.

Aliyenifundisha kuuliza zaidi ni Bi Rukia, mwalimu wa zamani pale shuleni, mwenyeji wa Tanga. Alikuwa mtu wa mwendo wa taratibu, mtandio haujawahi kumteleza, na sauti yake ilikuwa ndogo hivi kwamba darasa lilinyamaza ili limsikie. Alinitazama nikizungukazunguka akasema, "Mwanangu, tulia. Huo mtaa haukukimbii." Ndiye aliyenionyesha kuandaa chati kwa mifuko ya saruji: unapukuta vumbi, unachana, upande wa ndani ni safi, unagandisha vipande kwa uji mzito wa sembe. Nyie mna karatasi za manila, na mna simu zinazoonyesha dunia nzima. Vizuri. Lakini chati ile mtoto alikuwa ameigandisha mwenyewe, na akikuta kosa alilikemea kama anakemea kuku wa kwao.

Bi Rukia ndiye pia aliyenifundisha kuwatoa watoto nje ya geti, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Wapange wawiliwawili, na kila mmoja ajue jina la mwenzake na jina la mama wa mwenzake. Waenda pole mbele, wakimbiaji nyuma, si kinyume. Mkifika barabara ya malori, usimtazame dereva, mtazame utingo, kwa sababu upande wa kushoto utingo ndiye mwenye macho, na akikuinulia mkono ujue lori zima limekuona. Mjumbe apate habari siku moja kabla, si mnapofika. Na mnapokwenda kufanya usafi, mtoto haingizi mkono mtaroni hata kama kipande cha dhahabu kinang'aa mle. Reki, koleo la mpini mrefu, buti kwa walio nazo, na ndoo ya maji ya sabuni ikiwangoja kwenye kivuli. Siku hizi nawaona wengine wenu mnaanza na picha ya kutuma kwenye kundi la wazazi, watoto wameshika mafagio wakicheka, halafu kazi yenyewe inafanyika kama muda upo. Nawatania tu. Kidogo.

Sasa mtaro.

Mbele ya shule yetu ulipita mtaa mmoja ulioteremka hadi bondeni, na kando yake mtaro wa maji ya mvua. Juu kabisa, karibu na barabara, lilikuwepo duka la vyombo la Mzee Awadhi. Babu yake alianza biashara pale wakati eneo lile bado lina mikorosho, na hakuna mtu wa mtaa ule ambaye hajanunua sufuria au beseni kwake. Chini kabisa, mtaro unapopinda kuelekea bondeni, ilikuwepo nyumba ya kupanga alimoishi mwanafunzi wangu wa darasa la tano aitwaye Saumu, pamoja na mama yake na mdogo wake mchanga. Mama Saumu aliuza vitumbua asubuhi. Chumba chao kilikuwa cha mwisho, ubavuni kabisa mwa mtaro.

Kila Alhamisi, vipindi vikiisha, darasa langu lilisafisha mtaro huo. Ijumaa haikufaa kwa sababu ya swala, Jumatatu shule nzima ilichelewa kutoka, basi tukachukua Alhamisi. Ilikuwa huduma kwa jamii, imeandikwa kwenye muhtasari, na watoto waliipenda. Mzee Awadhi aliwatolea barafu za ubuyu wakimaliza, kila mtoto yake, na kunisalimia kwa heshima: "Mwalimu, hawa watoto wanatusaidia sana. Mwenyezi Mungu awalipe." Wakaguzi walipokuja walipelekwa kuuona mtaro. Nilijivuna, siwezi kuficha.

Siku moja nilikuwa nafundisha ramani ya mtaa na ratiba za jamii: siku ya soko, siku ya swala, siku ya kanisa, siku ya gari la taka. Gari la taka, wote wakasema, halina siku. Saumu, ambaye kwa kawaida hakusema mpaka uitwe jina mara mbili, akanyoosha mkono. "Mwalimu, Jumatano ndo siku ya kutupa." Nikamwuliza kutupa nini. "Taka. Mtaroni. Watu wanawekaga ndani wiki nzima, Jumatano jioni wanamwaga. Kwa sababu Alhamisi tunakuja sie."

Darasa likacheka, nami nikacheka. Nikaendelea na soko na kanisa, lakini miguu ilikuwa imeshaondoka. Jumatano hiyo niliteremka mtaani saa ya magharibi, nikajifanya nanunua nyanya. Nikawaona. Mama mmoja na ndoo, baba mmoja na mfuko wa maganda ya mihogo, kijana wa saluni na nywele bandia zilizochakaa, kila mmoja akimwaga kwa utulivu, kama mtu anayeweka nguo chafu kwenye tenga la dobi. Mtumishi wa Mzee Awadhi akatoka na maboksi na nailoni za kufungia vyombo, akayashindilia kwa mguu ili yakae vizuri. Nilisimama na nyanya zangu. Miaka yote ile sikuwa nafundisha huduma kwa jamii. Nilikuwa nimeufungulia mtaa jalala lenye wafanyakazi wa bure wenye sare.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Alinikaribisha kiti, sikukaa. Nikamweleza. Akakuna kidevu akasema, "Mwalimu, sasa tufanyeje? Hao watoto ndo ratiba yetu ya usafi. Hata kwenye taarifa ya kata tunawaandikaga." Nikamwambia basi aandike kwamba ratiba imefungwa.

Kurudi darasani niliwaeleza watoto nilichokiona na nikawauliza tufanye nini. Mmoja akasema tuwashtaki, mwingine tuweke bango, mwingine tumwage taka milangoni kwao, wazo ambalo lilipigiwa makofi mengi mno. Kisha msichana mmoja akasema, "Tuache tu. Wakiona zimejaa watatoa wenyewe." Tukapiga kura. Mikono ikanyooka, na wa Saumu ulikuwa miongoni mwake, umenyooka sawasawa. Niliuona. Nilijua anaishi wapi, kwa maana ramani yake ilikuwa ukutani nyuma yangu, na bado nikahesabu mkono wake pamoja na mingine nikasema imepita.

Alhamisi ya kwanza hatukwenda, na Jumatano iliyofuata watu wakamwaga kama kawaida. Taka zikapanda. Mzee Awadhi akanisimamisha njiani, uso umejaa wasiwasi wa kweli: "Mwalimu, watoto wanaumwa?" Nikamwambia ni wazima wa afya. Akangoja nieleze, nikaona haya kumweleza mtu mzima aliyewapa watoto wangu barafu, nikasema tuna mitihani. Ile haya imenisumbua kuliko mambo mengi. Nyie mtakuwa nayo pia, hasa kwa watu wema. Mtu mbaya ungemkabili siku ileile.

Kisha akaja Mama Saumu. Alikuja shuleni na mtoto mgongoni, ana mafuta ya vitumbua kwenye kanga, akanikuta varandani.

"Mwalimu, mie nimekukosea nini?"

Nikasema hajanikosea kitu.

"Sasa mbona mmeuacha mtaro? Mvua zinakuja hizo. Juu kule wanatupa, maji yanashuka kwangu. Wao hawalowi."

Nikamweleza mpango, kwamba tunataka watu wazima wawajibike, kwamba watoto wamepiga kura, kwamba hata Saumu alinyoosha mkono. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Saumu ana miaka kumi na moja," akasema. "Ukimwambia nyoosha, ananyoosha." Akamweka mtoto vizuri mgongoni, akaondoka. Nilibaki nikizunguka nguzo ya varanda, na mwalimu mwenzangu akaniuliza kama nimedondosha kitu.

Kuanzia hapo sikuwa na raha. Kila siku nilipita mtaroni kabla ya kengele na baada ya kengele. Nilitazama mawingu kama mkulima. Mara mbili niliazima koleo stoo nikafika nalo getini, mara mbili nikalirudisha. Nikisafisha mimi, nilijiambia, nitakuwa nimebadilisha tu mtumishi.

Watoto ndio walioleta wazo la pili, na lilitoka kwa wale wavulana wa nyuma ambao huwa hamtegemei kitu kwao. Shuleni kwetu ilikuwa amri: ukikutana na mtu mzima, umsalimie. Wakasema, Mwalimu, Jumatano jioni sie tunaokaa mtaa huu tusimame tu pembeni ya mtaro, tuwaamkie watu. Hatusemi kitu kingine. Wazazi wa wale watoto wakakubali, wengine kwa kicheko, na mimi nikasimama upande wa pili karibu na banda la mkaa nione.

Akaja mama wa kwanza na ndoo yake kichwani. "Shikamoo." "Marahaba." Akapiga hatua. "Shikamoo." "Marahaba, hujambo." Hatua nyingine. "Shikamoo, Mama Zainabu." "Shikamoo." "Shikamoo." Na shikamoo huwezi kuiacha ikining'inia, lazima uiitikie, na kuitikia vizuri lazima umtazame anayekuamkia. Alipofika wa kumi na kitu alikuwa ameshusha ndoo chini. "Nyie watoto mmetumwa?" Wakamjibu kwa adabu zote, "Hapana, tunaamkia tu." Akatazama mtaro, akawatazama, akajitwisha ndoo yake akarudi nayo nyumbani. Baba wa maganda ya mihogo alipoona mstari kwa mbali akageukia kichochoro. Kijana wa saluni, ambaye umri wake ulikuwa wa mashaka, aliamkiwa shikamoo kwa mara ya kwanza maishani mwake, akafurahi hivi kwamba alisahau alichokujia. Na Mzee Awadhi alipotoka nje kuona kuna nini, akaitikia zote, moja baada ya nyingine, hakuruka hata mtoto mmoja, huku mtumishi wake amesimama nyuma na maboksi mikononi. Mwisho mzee akamwambia, "Rudisha ndani." Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nililala vizuri siku hiyo.

Kumwaga kukakoma. Jumatano mbili, tatu, mtaro haukuongezewa kitu. Ningeishia hapa hadithi ingekuwa tamu, na ndivyo inavyosimuliwa na wengine.

Lakini zile taka za zamani zilikuwa bado mle, zimeshindiliwa, na hakuna aliyezitoa. Mzee Awadhi alisema anangoja mwenyekiti aitishe watu. Mwenyekiti alisema anangoja wenye maduka watoe vifaa. Wenye nyumba walisema wapangaji, wapangaji wakasema wenye nyumba. Na mimi pia nilikuwa nangoja, maana tulikuwa tumefika mbali na niliona wakisukumwa kidogo tu watafanya. Nilitaka watoto waone. Nilitaka kuona mimi.

Mvua ilianza asubuhi, kipindi cha pili kinaendelea. Ilikuja na kishindo juu ya bati, sauti yangu ikafa, nikaandika ubaoni. Nilipogeuka nikamwona Saumu. Hakutazama dirishani kama wenzake. Alikuwa anapanga madaftari yake kwenye mfuko, anaukunja mdomo wa mfuko, anauweka juu ya dawati, kisha akaketi mikono mapajani. Alifanya hivyo kama mtu aliyekwisha kufanya mara nyingi. Nikamwomba mwalimu wa jirani aniangalizie darasa, nikatoka bila mwavuli.

Mzee Awadhi alikuwa chini ya paa la duka lake akitazama maji. Nikamwambia, "Mzee, njoo uone mtaro unapoishia." Alipandisha kanzu, akanifuata, na nyuma yake mtumishi na wengine wawili watatu wa dukani. Tukateremka. Katikati ya mtaa maji yalikuwa yameacha mtaro na kushika njia. Chini kabisa yalikuwa yanaingia kwenye ile nyumba ya kupanga kama wenyeji.

Mama Saumu alikuwa amesimama juu ya kitanda, mtoto begani. Sufuria za vitumbua zilikuwa zinaelea, jiko la mkaa limezama. Godoro lilikuwa limeshanyonya maji mpaka juu, rangi yake imegeuka. Mzee Awadhi alisimama mlangoni, maji ya kahawia yakimfika magotini. Aliishi mtaa ule tangu kuzaliwa, na naamini ilikuwa mara yake ya kwanza kufika mwisho wake. Kwenye maji, karibu na mguu wa kitanda, lilikuwa linazunguka boksi lenye picha ya beseni.

Alitoka akamtuma mtumishi, na baada ya muda yakaja makoleo mapya kutoka dukani, bado yamebandikwa bei. Watu wakaanza kutoka milangoni. Baba wa mihogo akaingia mtaroni na bukta. Mwenyekiti akafika na mwavuli, akachimba kwa mkono mmoja kwa muda, kisha akautupa mwavuli. Walitoa nailoni, maboksi, nywele bandia, maganda, viatu, hadi kifuniko cha jaba la maji. Ghafla mtaro ukameza maji kwa sauti nene, na mtaa mzima ukashangilia kama timu imefunga bao. Mtu mmoja akapiga picha. Nilikuwa nimelowa hadi mifupani, nimechafuka, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata darasani. Watu wazima walikuwa mtaroni! Nikakimbilia chumbani kwa Mama Saumu nimwambie.

Maji yalikuwa yanashuka, yameacha mstari wa tope ukutani. Alikuwa ameketi ukingoni mwa chaga za kitanda, ananyonyesha.

"Mmeshinda, Mwalimu," akasema. Hakusema kwa hasira. "Godoro langu."

Tulilitoa nje mimi na Mzee Awadhi, kila mmoja ameshika upande. Godoro lililolowa ni zito sana, na linakuchuruzikia miguuni njia nzima. Kesho yake mzee alileta jipya kwa guta la magurudumu matatu, Mama Saumu akalipokea na kushukuru. Mtoto mchanga alikohoa kwa muda mrefu, akapona. Mtaa ukajipangia siku yake ya usafi, Jumamosi, watu wazima peke yao, na hadi nastaafu walikuwa wanaifanya.

Alhamisi iliyofuata niliwauliza darasa tumejifunza nini. Wakanipa majibu mazuri: ushirikiano, uwajibikaji, mazingira. Nikamwita Saumu, mara mbili kama ilivyokuwa desturi. Akasimama, akatazama ramani yake ukutani.

"Tungesafisha kwetu kwanza," akasema. "Kile kipande cha chini. Halafu ndo tugome."

Hakuna aliyecheka. Kipande cha chini kilikuwa kazi ya nusu saa. Makoleo yalikuwepo, watoto walikuwepo, mimi nilikuwa napita pale kila siku asubuhi na jioni, na hakuna hata mmoja wetu aliyekifikiria, kwa sababu wote tulikuwa tunatazama juu, kwa waliokosea. Nilimwambia asante, kaa. Kengele haikuwa imelia lakini niliwaruhusu watoke.

Siku ya kuniaga, shule ilijaa. Mwenyekiti alisimama na kipaza sauti akasimulia jinsi Mwalimu Pangaboi alivyowafundisha wakubwa kwa shikamoo, na aliisimulia vizuri, alimwigiza mama wa ndoo, aliigiza kijana wa saluni, watu wakacheka hadi machozi. Nilipewa kanga na saa ya ukutani. Mama Saumu ndiye aliyepewa kazi ya vitumbua siku ile, alikuwa nyuma ya umati, kwenye jiko lake. Nilimtafuta kwa macho wakati makofi yanapigwa. Alikuwa anageuza vitumbua, kimoja kimoja, hakuinua kichwa. Nikashindwa kukaa kwenye kile kiti kilichopambwa. Nikaenda nikasimama karibu naye, nikashika sinia, nikawa napokea vinavyoiva. Vilipoisha akanifutia masizi mkononi kwa ncha ya kanga yake, akaanza kufunga vitu vyake.

Kwa hiyo somo hili mtalifundisha, na kisa hiki mtakisikia, maana kinatembea, wengine wanakitoa hadi kwenye semina. Mtapenda kukisimulia. Wanafunzi wenu watacheka sehemu ileile waliyocheka wengine, na ni haki yao. Ila mkifika darasani, nawaomba, msianze na shikamoo. Anzeni na godoro.